Uchambuzi: Kasongo na Kabambare zinahitaji mashine gani ya kupima jicho?

Mwaka 2021, nchi wanachama wa Shirika la Afya Duniani, WHO, ikiwemo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zilikubaliana kwamba ifikapo 2030 kiwango cha upasuaji wa mtoto wa jicho wenye matokeo mazuri kipande kwa pointi 30 za asilimia. Uzito uko katika maneno hayo ya "matokeo mazuri". Mgonjwa aliyepasuliwa kisha akabaki haoni vizuri hahesabiwi kuwa mafanikio.

Kwa wakazi wa kusini mwa Maniema, lengo hilo lina maana kubwa kuliko inavyoonekana kwenye karatasi. Madaktari bingwa wa macho nchini wengi wako Kinshasa na katika miji mikubwa. Mzee wa kijiji cha Kabambare aliyepoteza uoni huwategemea watoto na wajukuu kumshika mkono, na nafasi ya kupasuliwa ikipatikana, huenda isirudi tena. Jicho lake likipewa lenzi isiyo sahihi, hana duka la miwani la kukimbilia wiki inayofuata. Na akirudi kijijini bado anapapasa, jirani yake mwenye tatizo lilelile ataamua kubaki nyumbani.

Lenzi sahihi huchaguliwa kwa namba chache zinazopimwa kabla ya upasuaji, nyingi zikitoka sehemu ya mbele ya jicho. Namba hizo hutolewa na mashine, na mashine ziko za aina nyingi, nyingine ghali mara kumi kuliko nyingine. Swali ni ipi iletwe Kasongo, na ipi ifuatane na timu inayokwenda Kabambare. Mashine hizo zikilinganishwa kwa macho ya wagonjwa wa huko, mpangilio wa ubora unaosomwa kwenye vipeperushi vya watengenezaji hubadilika.

Namba zinazoamua

Mtoto wa jicho ni ukungu unaoingia kwenye lenzi ya asili ya jicho. Daktari huitoa lenzi hiyo na kuweka nyingine ya plastiki. Aliyeanzisha njia hiyo ni daktari Mwingereza Harold Ridley, aliyeweka lenzi bandia ya kwanza jijini London mwaka 1949. Mgonjwa wake aliona, lakini alihitaji miwani yenye nguvu sana, kwa sababu hesabu ya nguvu ya lenzi haikuwa sahihi. Tatizo la kipimo lilizaliwa siku moja na tiba yenyewe.

Leo hesabu hiyo inahitaji angalau vitu viwili: mbinuko wa konea, yaani kioo cha mbele cha jicho, na urefu wa jicho kutoka mbele hadi nyuma. Fomula mpya huongeza cha tatu, kina cha chumba cha mbele, nafasi yenye maji iliyopo kati ya konea na lenzi.

Fomula ya SRK iliyoenea mwanzoni mwa miaka ya 1980 sasa imepitwa na nyingine bora, lakini inaonyesha hesabu kwa uwazi. Nguvu ya lenzi ni namba maalumu ya aina ya lenzi, kama vile 118, ukitoa mara 2.5 ya urefu wa jicho kwa milimita, kisha ukitoa mara 0.9 ya nguvu ya konea kwa dayopta. Chukua jicho lenye urefu wa milimita 23.5 na konea ya dayopta 44. Jibu ni dayopta 19.65, na daktari atachukua lenzi ya 19.5 au 20. Sasa mpimaji akosee urefu kwa milimita moja tu, aandike 22.5. Jibu linakuwa 22.15. Mgonjwa atawekewa lenzi yenye nguvu kupita kiasi. Ataona kilicho mkononi mwake, lakini sura ya mtu aliye ng'ambo ya barabara itabaki ukungu.

Milimita moja ni kipimo kidogo sana. Ndiyo maana uchaguzi wa mashine na mafunzo ya anayeishika si mambo ya kuachiwa idara ya ununuzi peke yake.

Kila mashine na kazi yake

Mashine kongwe kuliko zote katika kazi hii ni keratometa. Mfano wa Javal na Schiøtz ulitoka Ufaransa mwaka 1881, na kanuni yake haijabadilika: konea hufanya kazi kama kioo cha kujitazamia, na ukubwa wa picha inayoakisiwa hutoa mbinuko wake. Keratometa husoma eneo dogo la katikati lenye upana wa takriban milimita 3. Siku hizi zipo za kielektroniki zinazoshikwa mkononi na kutumia betri, zinazoweza kumpima mgonjwa aliyelala kitandani au mtoto aliyepakatwa na mama yake.

Mwaka 1880 Mreno Antonio Plácido alitengeneza kisahani chenye duara nyeusi na nyeupe. Duara zikiakisiwa sawasawa, konea ni laini. Zikipinda, konea ina kasoro. Kompyuta ilipoingia, duara hizo zikawa ramani za rangi za konea nzima, kazi inayoitwa topografia ya konea.

Baadaye zikaja mashine zinazopiga picha za vipande vya jicho. Pentacam ya kampuni ya Kijerumani ya Oculus hutumia kanuni ya Theodor Scheimpflug, mwanajeshi wa Austria aliyetafuta njia ya kurekebisha picha zilizopigwa kutoka angani mwanzoni mwa karne ya 20. Kamera yake huzunguka mbele ya jicho na kwa sekunde chache hutoa umbo la uso wa mbele na wa nyuma wa konea, unene wake na kina cha chumba cha mbele. Halafu kuna OCT, teknolojia ya mwanga iliyotangazwa mwaka 1991 na kutumika kwa sehemu ya mbele ya jicho tangu 1994. Huonyesha tabaka za jicho kwa undani wa mikroni, bila kuligusa.

Kwa ajili ya upasuaji wa mtoto wa jicho pekee, kampuni ya Zeiss ilileta IOLMaster mwaka 1999. Mashine hiyo na wenzake, kama Lenstar, hupima kwa mwanga urefu wa jicho, mbinuko wa konea na kina cha chumba cha mbele kwa kikao kimoja. Mgonjwa huweka kidevu kwenye kiegemeo, hutazama nukta ya mwanga, na kazi imekwisha. Kwa usahihi na wepesi, hiki ndicho kipimo kinachopendelewa katika hospitali kubwa za dunia.

Ya mwisho ni ultrasaundi, ambayo wengi nchini Kongo huiita ekografi. Kijiti chenye ncha ndogo huwekwa mbele ya jicho, sauti isiyosikika hupita ndani na kurudi, na muda wake hugeuzwa kuwa milimita. Ni ya zamani, ni ya bei ya chini, na mtaalamu wa Ulaya huenda akaiona kama kifaa cha akiba.

Mwanga unapogonga ukuta

Kwa Kasongo na Kabambare, cheo hicho cha akiba ndicho kinachopaswa kufikiriwa upya. Mashine za mwanga hupima urefu wa jicho kwa kupitisha mwale kwenye lenzi ya asili hadi nyuma ya jicho. Mgonjwa wa Brussels au Nairobi anayelalamika kwamba taa za magari zinamsumbua usiku huwa na ukungu mdogo, na mwale hupita. Mgonjwa aliyesubiri miaka mingi huja na lenzi nyeupe kama maziwa au ya kahawia iliyokolea. Mwale hugonga ukuta na kurudi bila jibu.

Tafiti kadhaa za mashine za mwanga za kizazi cha kwanza ziliripoti kushindwa kwa takriban asilimia 10 hadi 20 ya macho, tena katika nchi ambako wagonjwa hufika mapema. Mashine mpya zaidi, kama IOLMaster 700, zimepunguza sana kushindwa huko lakini hazijakumaliza. Pale ambako wagonjwa wengi huja wakiwa tayari vipofu, idadi ya macho yasiyopimika kwa mwanga lazima iwe kubwa zaidi.

Sauti haijali ukungu wa lenzi. Kwa hiyo hospitali inayonunua mashine ya mwanga bado italazimika kuwa na ultrasaundi, wakati hospitali yenye ultrasaundi na keratometa inaweza kumpima karibu kila anayefika. Kwa wagonjwa wa aina hii, kifaa cha bei ya chini ndicho cha msingi, na kile cha bei ya juu ndicho cha nyongeza.

Ultrasaundi ina udhaifu wake, na hautakiwi kufichwa. Ncha yake ikigusa konea huibonyeza, na jicho huonekana fupi kuliko lilivyo. Mbonyeo wa milimita 0.2 tu, kwa hesabu ya hapo juu, huongeza nusu dayopta kwenye lenzi. Mkono mzito wa mpimaji mmoja unaweza kuwakosea wagonjwa wote wa siku hiyo kwa upande uleule. Dawa yake inajulikana: kikombe kidogo huwekwa juu ya jicho lililotiwa ganzi, hujazwa maji ya chumvi, na ncha hukaa ndani ya maji bila kugusa konea. Njia hiyo, ikifanywa na aliyefunzwa vizuri, hukaribia sana usahihi wa mashine za mwanga. Kikombe hicho ni kitu kidogo sana kwa bei ukilinganisha na mashine yenyewe, lakini ndicho kinachoweza kusahaulika kwenye orodha ya ununuzi.

Konea zenye makovu

Jambo la pili linaloitofautisha Maniema ya kusini na hospitali zilizoandikiwa vitabu vya maelekezo ya mashine ni hali ya konea zenyewe.

Kasongo ina jina katika historia ya afya ya umma. Katika miaka ya 1970 mradi wa afya uliohusisha Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp ulifuatilia watoto waliochanjwa surua, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 1981 katika jarida la Lancet. Surua inahusika moja kwa moja na habari hii. Mtoto mwenye upungufu wa vitamini A akipata surua, konea yake inaweza kulainika, kutoboka na kupona ikiwa na kovu jeupe. Katika Afrika, kwa miongo mingi, hiyo ilikuwa moja ya njia kuu za upofu wa utotoni. Na surua haijaondoka: mlipuko ulioanza mwaka 2019 nchini Kongo uliua zaidi ya watu 6,000 kufikia Januari 2020, wengi wao watoto.

Ugonjwa wa pili ni usubi, upofu wa mtoni unaoenezwa na inzi weusi wanaozaliana kwenye maji yanayokwenda kasi. Daktari Mbelgiji Jean Hissette ndiye aliyeonyesha, mwanzoni mwa miaka ya 1930, kwamba upofu ulioenea kando ya mto Sankuru, magharibi mwa Maniema, ulitokana na minyoo hiyo. Vijinyoo vichanga, vyenye urefu wa takriban theluthi moja ya milimita, huingia ndani ya konea na chumba cha mbele, na baada ya miaka huacha konea ngumu yenye ukungu. Dawa ya Mectizan, inayotolewa bure na kampuni ya Merck tangu 1987, imepunguza sana madhara hayo, na Maniema ni miongoni mwa majimbo ambako imekuwa ikigawanywa. Januari 2025 Niger ilikuwa nchi ya kwanza ya Afrika kuthibitishwa na WHO kuwa imekatiza maambukizi. Kongo bado iko njiani, na wazee walioambukizwa kabla ya dawa kuwafikia bado wako hai.

Chanzo cha tatu ni majeraha. Kabambare ni eneo la dhahabu, na anayeponda mawe bila miwani ya kinga, iwe Salamabila au kwenye shimo dogo porini, anahatarisha macho yake kila anapoinua nyundo.

Makovu haya yanabadilisha ulinganisho wa mashine. Keratometa husoma nukta chache za katikati na kudhani kwamba konea ni laini. Kovu likiwa hapo, itatoa namba, lakini namba hiyo inaweza kuwa ya uongo. Hapa ramani ya topografia au kamera kama Pentacam ina faida ya kweli, kwa sababu huonyesha ni wapi konea imepinda. OCT nayo inaweza kuonyesha kovu limeingia kina gani, jambo linalomsaidia daktari kuamua kama kutoa mtoto wa jicho peke yake kutamfaa mgonjwa.

Hata hivyo, faida hiyo huishia pale tiba inapokosekana. Kuifahamu konea iliyoharibika kwa undani wa mikroni kunasaidia sana pale ambapo kuna benki ya konea na daktari wa kupandikiza. Bila hivyo, maamuzi mengi yanaweza kufanywa kwa kifaa kingine: darubini ya macho yenye mwale mwembamba wa mwanga, ambayo msingi wake uliwekwa na Msweden Allvar Gullstrand mwaka 1911. Kwa darubini hiyo mtaalamu huona kovu, hukadiria kina cha chumba cha mbele, na hata huona vijinyoo vya usubi vikiogelea, baada ya mgonjwa kuinamisha kichwa kwa dakika chache ili vikusanyike mahali vinapoonekana. Na kwa jicho ambalo konea yake haipimiki, madaktari hutumia kipimo cha jicho la pili, kwa kuwa macho mawili ya mtu mmoja kwa kawaida hufanana.

Mashine mbili, majibu mawili

Tuseme mfadhili mmoja ameleta keratometa na mwingine ameleta mashine ya kisasa. Je, namba za moja zinaweza kutumika mahali pa nyingine? Jibu la haraka ni ndiyo, zote zinapima konea. Jibu sahihi ni hapana, mpaka zilinganishwe.

Mashine hupima mbinuko kwa milimita, kisha huugeuza kuwa dayopta kwa kutumia namba ya kudumu inayowakilisha uwezo wa konea kupinda mwanga. Nyingi hutumia 1.3375, baadhi hutumia 1.332. Konea yenye mbinuko wa milimita 7.5 itasomeka dayopta 45.00 kwenye mashine ya kwanza na 44.27 kwenye ya pili. Jicho ni lilelile, na mashine zote mbili ni nzima. Lakini anayechanganya namba hizo kwenye fomula moja ameongeza kosa la zaidi ya nusu dayopta kabla hata ya kuanza.

Kina cha chumba cha mbele kina mtego unaofanana na huo. Baadhi ya mashine huanza kupima kwenye uso wa nje wa konea, nyingine huanza kwenye uso wa ndani. Tofauti ni unene wa konea yenyewe, takriban nusu milimita.

Tafiti za kulinganisha mashine za macho zimejaa majarida, na nyingi huripoti kwamba mashine mbili "zinahusiana sana". Mwaka 1986 wanatakwimu wa Uingereza Martin Bland na Douglas Altman walionya katika Lancet kwamba uhusiano si makubaliano. Mizani miwili ya sokoni inaweza kupanda na kushuka pamoja kila siku, huku mmoja ukizidisha robo kilo kila mara. Uhusiano wake ni kamili, lakini mnunuzi anaibiwa. Kinachotakiwa kuulizwa ni tofauti ya wastani kati ya mashine mbili kwa jicho moja, na tofauti hiyo hutawanyika kiasi gani. Hospitali yoyote inaweza kufanya zoezi hilo kwa wagonjwa wachache, karatasi na kalamu. Ikikuta tofauti ya kudumu, ichague mashine moja na kuifuata.

Yanayoweza kusubiri

Sehemu kubwa ya sifa za OCT ya mbele ya jicho inatokana na uwezo wake wa kupima pembe ambamo maji ya jicho hutokea. Kipimo hicho kina thamani kubwa katika Asia ya mashariki, ambako glakoma ya pembe iliyofungwa ni ya kawaida. Barani Afrika glakoma iliyoenea zaidi ni ile ya pembe iliyo wazi. Kwa ajili yake, kinachohitajika kwanza ni kupima presha ya jicho na kuukagua mshipa wa fahamu ulio nyuma, mbali na eneo ambalo mashine hiyo inaangalia. Unene wa konea, unaosaidia kutafsiri presha hiyo, hupimwa kwa ultrasaundi ndogo ya mkononi.

Simu za mkononi nazo zimepewa matumaini makubwa. Mfumo wa Peek, uliokua kutokana na utafiti wa macho uliofanyika Nakuru nchini Kenya, umeonyesha kwamba mtu asiye daktari anaweza kupima uwezo wa kuona kwa simu na kuwapanga wanaohitaji rufaa. Hilo lingewafaa wahudumu wa afya ya jamii wa Kabambare: kujua nani apelekwe kabla ya familia kutumia fedha za pikipiki. Lakini simu ya namna hiyo hupima anachokiona mgonjwa. Haitoi mbinuko wa konea wala urefu wa jicho, na haichukui nafasi ya vipimo vya lenzi.

Gharama zisizo kwenye ankara

Mashine za picha na za mwanga hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Bei hiyo hutangazwa siku ya makabidhiano. Zinazofuata hazitangazwi. Mashine ya mezani inataka umeme usioyumba, katika eneo ambako umeme mara nyingi ni wa sola au jenereta. Inataka chumba kisicho na vumbi wala unyevu. Inataka fundi wa kampuni, ambaye hayuko Kindu. Programu yake inaweza kudai leseni mpya. Na ikisafirishwa kwa pikipiki au lori kwenye barabara ya masika, vioo vyake vinaweza kuhama mahali pake bila mtu kujua.

Hilo la mwisho ni hatari kuliko kuharibika kabisa. Mashine iliyokufa humlazimu daktari atafute njia nyingine. Iliyohama kidogo huendelea kutoa namba nzuri zenye desimali mbili, na kila mgonjwa hupata lenzi yenye kosa lilelile. Keratometa nyingi huja na kigololo cha chuma chenye mbinuko unaojulikana, na ultrasaundi nyingi huja na kipande cha majaribio. Kuvitumia kila asubuhi ya kampeni ya upasuaji huchukua dakika chache. Vikipotea kwenye sanduku, hakuna tena anayejua kama mashine inasema kweli.

Kwa Kabambare, ambako ukosefu wa usalama umefunga barabara mara kadhaa katika miaka iliyopita, timu haiwezi kupanga kwa kudhani kwamba mgonjwa atarudi kesho kupimwa tena. Kifaa kinachokwenda huko kinatakiwa kuingia kwenye begi, kutumia betri, na kutoa jibu kwa mgonjwa aliyekaa kwenye benchi la shule.

Na kuna mtu anayekishika. Hospitali ya Saint-Joseph mjini Kinshasa ni miongoni mwa vituo vinavyofunza wataalamu wa macho wa Afrika ya Kati. Upande wa Tanzania, hospitali ya KCMC mjini Moshi imefanya kazi hiyo kwa miongo mingi. Si lazima mpimaji awe daktari. Muuguzi aliyefunzwa kupima kwa kikombe cha maji, anayerudia kipimo mara kadhaa na kukataa kile kisichofanana na vingine, ana thamani kuliko mashine ghali iliyofunikwa kitambaa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kusaini

Ukijumlisha yote, kifurushi cha kwanza kwa kusini mwa Maniema hakina mvuto wa picha za magazetini: darubini ya macho, keratometa ya mkononi, ultrasaundi yenye kikombe chake, vifaa vya kuhakiki usahihi, na lenzi za nguvu mbalimbali. Hiki cha mwisho ni muhimu, kwa maana kupima kwa usahihi hakusaidii kitu kama kwenye sanduku zimebaki lenzi za dayopta 21 tu. Mashine ya mwanga inaweza kufuata pale Kasongo itakapokuwa na upasuaji wa mfululizo, umeme wa kuaminika na wagonjwa wanaofika mapema. Pentacam na OCT zina mahali pake katika vituo vikubwa vinavyopokea rufaa za konea.

Wanaopinga mpangilio huu wana hoja yenye uzito. Wanasema mkoa maskini usihukumiwe kubaki na vifaa vya jana, na kwamba mashine ya mwanga humtegemea kidogo mpimaji, jambo zuri pale wataalamu ni wachache. Ni kweli. Lakini mashine isiyoweza kumpima mgonjwa mwenye ukungu mzito kuliko wote inamwacha nje yule hasa ambaye lengo la 2030 liliandikwa kwa ajili yake.

Kwa hiyo serikali ya jimbo, wakuu wa kanda za afya na wafadhili wana maswali ya kuuliza kabla ya kusaini. Mashine inapima macho mangapi kati ya 100 ya wagonjwa wanaofika kweli? Nani ataihakiki, na kwa kifaa gani? Namba zake zinakubaliana na za mashine iliyopo? Ikiharibika, wagonjwa watapimwa na nini?

Swali moja linabaki baada ya mashine yoyote kununuliwa: mgonjwa aliishia kuona vipi? Nchini Uingereza kigezo kilichopendekezwa mwaka 2009 ni kwamba angalau asilimia 85 ya macho yaliyopasuliwa yawe ndani ya dayopta moja ya kile daktari alichokusudia. Ili kujua hivyo, mgonjwa lazima apimwe tena wiki chache baadaye na namba zake ziandikwe kando ya zile za kwanza. Daftari hilo likionyesha kwamba makosa yote yanaelekea upande mmoja, hesabu hurekebishwa na wanaofuata hunufaika. Pasipo daftari hilo, hospitali yenye mashine ya dola 50,000 na yenye ultrasaundi ya kawaida ziko sawa: hakuna hata moja inayoweza kuonyesha kwamba wagonjwa wake waliona.